RAMADHAN KUWEKWA BENCHI, NA YALIYOTUKUTA

Kikao cha dharura cha Kamati ya Mashabiki wa Timu ya Kata, Mashewa. Jumatano, 11 Juni 2025, saa kumi jioni, banda la mpira la Deogratius.

WALIOHUDHURIA
Semboja – Mwenyekiti. Pia mjomba wa namba kumi wetu, Ramadhan
Mama Hilaria – mpishi wa kambi
Mzee Mhina – mshauri, na mshenga anayeaminika pande zote hizi
Deogratius – mjumbe, mwenye banda na mwenye sauti
Hashim – Katibu, mwenye mwandiko mzuri kuliko makatibu wote waliopita

HAKUWEPO
Mweka Hazina. Hakutoa udhuru, na hakuna aliyeshangaa.

KUMB. NA. 1/06/2025: NANI ACHEZESHE TIMU
Mwenyekiti alieleza kwamba Jumamosi ni fainali ya Kombe la Mbuzi dhidi ya Kwedizinga, na namba kumi lazima ajulikane leo. Deogratius alisema Ramadhan amechoka, "akitaka kugeuka inabidi apige honi kama fuso," na kwamba dogo Benedicto wa Mpale ana mbio za kutisha. Mama Hilaria alipinga. Alisema Benedicto akishika mpira hautoi mpaka aombwe kwa adabu, wakati Ramadhan anampa mtu pasi hata amefumba macho. Deogratius alimshauri Mama abaki kwenye masufuria. Mama alimjibu kwamba masufuria hayo yanamlisha hata yeye asiyecheza. Katibu alicheka, akaonywa.

KUMB. NA. 2/06/2025: UKOMO WA MAMLUKI
Ilikumbushwa kwamba kila kata inaruhusiwa mamluki wawili tu, yaani wachezaji wasio wakazi. Sisi tumeshajaza: beki mmoja na kipa Filemoni. Kumpata Benedicto, mmoja lazima aondoke. Deogratius alimtaja Filemoni kwa sababu anakula sana. Katibu alitoa ushauri wa kitaalamu kwamba aondoke beki. Hakusikilizwa, maana ndiyo kawaida ya watu wasioona mbali.

Azimio: Filemoni aende, Benedicto asajiliwe, Ramadhan aanzie benchi. Waliokubali ni Mwenyekiti, Deogratius na Katibu (alifuata wengi). Mama Hilaria alikataa. Mzee Mhina hakunyoosha mkono popote, alikuwa anaangalia mabati.

KUMB. NA. 3/06/2025: RAMADHAN KUINGIA
Ramadhan alipiga hodi, akaingia, akawaamkia wakubwa, akabaki amesimama. Alisema kura ameisikia yote, maana ukuta wa Deogratius ni maturubai. Akasema benchi halimhusu. Ijumaa anaoa Kwedizinga, binti anaitwa Mwaija, wakwe wamempa shamba na anahamia huko huko. Jumamosi atavaa namba kumi ya Kwedizinga.

Deogratius alikuwa anatafuna karanga. Mdomo ulibaki wazi na karanga zote tukaziona. Mama Hilaria alimwita Yesu, Maria na Yosefu.

Deogratius alipopata pumzi alisema haiwezekani, huyo atakuwa mamluki. Katibu alilazimika kukumbusha kwamba mwaka jana ni kamati hii hii iliyowabana waandaaji wakubali kuwa aliyeoa ndani ya kata ni mkazi tangu siku ya ndoa, ili straika wetu aliyetoka Handeni acheze. Hoja ilikuwa ya Mwenyekiti. Tulimbeba mabegani.

KUMB. NA. 4/06/2025: MSHENGA
Mwenyekiti aliuliza ni mshenga gani aliyethubutu kumwozesha mpwa wake bila yeye kujua. Mzee Mhina alisema, "Ni mimi, Semboja." Deogratius alitamka "msaliti." Aliamriwa amwombe mzee radhi, akaomba akiangalia pembeni.

Mzee Mhina alieleza kwamba kamati yenyewe ilimtuma Kwedizinga kuichungulia timu yao, na kijana akamwomba apeleke na posa kwa safari hiyo hiyo. Kila alipokwenda kwa Mwenyekiti kumweleza, alikuta habari ni moja. "Kabla sijakaa vizuri, Benedicto. Chai inakuja, Benedicto. Nikaaga."

Ramadhan alisema naye alijaribu Idi mosi baada ya swala. Mjomba alimshika mkono, akamuuliza kama anaweza kumfundisha Benedicto kupiga kona. "Nikasema sawa, mjomba."

Mwenyekiti alivua kofia yake, akaiweka mezani. Haijawahi kutokea tangu nimeanza kuandika.

KUMB. NA. 5/06/2025: OMBI
Deogratius aliomba ndoa isogezwe hadi Jumapili. Mzee Mhina alimwambia aende akamweleze baba wa binti yeye mwenyewe. Deogratius alikaa.

Mama Hilaria alitaka kura ifutwe, kijana arudishiwe namba yake. Ramadhan alishukuru, akasema hakuja kuomba namba. Baba yake ni marehemu, na bwana harusi hafiki ukweni peke yake kama mtu aliyepotea njia. Anaomba mjomba na kamati wamsindikize Ijumaa. Jumamosi kila mtu akae upande wake.

Mwenyekiti aliuliza kama Jumamosi atapiga ile mipira yake ya kupita nyuma ya mabeki.

"Nitaipiga, mjomba."

Mwenyekiti akauliza kama ana kanzu. Ramadhan alisema ameazima. Mwenyekiti alisema hakuna mtu wa nyumba yake atakayeoa na kanzu ya kuazima, akachukua kofia yake, akasimama.

KUFUNGA
Mwenyekiti alitoka na Ramadhan kuwahi fundi kabla hajafunga. Mambo mengine yote yalikosa wa kuyaongoza. Katibu, kwa madaraka aliyojipa, alihesabu kikao kimefungwa saa kumi na mbili kasoro.

Semboja, Mwenyekiti (amesaini dukani kwa fundi, ameshika futi)

Hashim, Katibu