Mashine Isiyo na Mwiko

Kwako Baba Masanja, uliyenitangulia,

Mwalimu wa dini anayeniandikia anasema marehemu hasomi. Nimemjibu: hata mimi sisomi, tumelingana. Andika.

Unakumbuka siku zako za kuyeyusha chuma? Ulikuwa hulali nyumbani, hunigusi hata mkono, ndio mwiko wa tanuri. Chakula nakuwekea njiani kama mgonjwa wa ndui. Siku ile chuma kilipotoka kibovu ukanijia umevimba kwa hasira: "Nani kavunja mwiko?" Nikakwambia, "Jiulize wewe. Mimi nililala na watoto." Ukacheka mpaka ukakaa chini. Ndivyo ninavyokukumbuka, masizi mpaka puani.

Ila ulipokuwa unakufa hukucheka. Ulimshika Masanja wetu mkono: "Usitumikie moto usio na mwiko. Unakula watu." Sasa majembe ya dukani yameua tanuri lako, na mgodi wa dhahabu hapa Geita unamtaka mwanao kwenye mashine ya kuponda mawe inayokwenda kwa moto. Hakuthubutu kwenda bila neno langu. Nikaenda kuiona mwenyewe.

Baba Masanja, michi ya chuma inatwanga mawe, na mtwangaji hayupo! Nikakaa mbali, nikangoja. Msimamizi, Mnyamwezi mmoja, akaniuliza, "Mama, mbona husogei?"

"Nangoja niambiwe mwiko."

Yeye na vibarua wake wakaangua kicheko. "Mama, hii haina mwiko!"

Hapohapo msimamizi akamfukuza kibarua mmoja: "Toka, unanuka pombe!" Nikasema, "Wa kwanza huo." Akamkaripia mwingine akaze shuka, ule mkanda unaozunguka usije ukamvuta. "Wa pili." Kicheko kikakauka. Nikamuuliza, "Na bwana mkubwa wenu, naye anaishika miko hii?"

Akatazama pembeni. "Yeye haji huku, mama."

Hapo ndipo nilipokwama hadi leo. Wewe ulikuwa mwenye tanuri, na wa kwanza kulala kwenye baridi ulikuwa wewe. Labda moto wenyewe hauna neno. Labda mwiko kazi yake ni kumweka mwenye moto karibu na moto wake. Sijui. Natamani ungekuwepo tubishane.

Nimemruhusu Masanja, maana miko nimeiona kwa macho yangu. Ila nimemwambia: mtu asiyesogea karibu akikwambia hakuna hatari, toka kwanza, uliza baadaye. Kama umekasirika, nijie mimi ndotoni. Yeye mwache alale. Mashine ile haimpendi mwenye usingizi.

Mkeo,
bibi wa wajukuu wako