Meza Yenye Kiyoyozi Ndani

Kwa kaka yangu mpendwa,

Salamu hizi zikukute umekaa, na kama umesimama, tafadhali vuta kiti kwanza. Hujambo? Wifi hajambo? Na ule mgongo wako uliokuwa unalalamika kila ukiinama kufunga kamba za viatu, umepata nafuu? Sisi huku ni wazima. Najua kila barua husema hivyo hata kama mwandishi anatetemeka kwa homa, lakini safari hii ni kweli tupu. Mama yetu mzima, shemeji yako mzima, mama mkwe wangu mzima kutushinda sote, na mimi Kasuku wako mdomo haujapoa.

Jana ulipiga simu mara kadhaa na sikupokea. Usinikasirikie. Wewe kwenye simu huongei, unatangaza, na mimi nikitangaziwa nalia, na nikilia nasahau nilichotaka kusema. Ndiyo maana nimeamua kushika kalamu. Jumamosi unamngoja Mama kituoni, aje akae kwako moja kwa moja. Nina neno kuhusu Jumamosi hiyo, lakini ukirukia mwisho wa barua kabla ya kusoma katikati, shauri yako.

Nianze kwa kukupa haki yako. Ulipokuja kututembelea msimu wa joto ulilala na taulo bichi kifuani, na asubuhi ukasema hii si nyumba, ni tanuri. Ukaja tena msimu wa baridi, ukanywa chai umevaa koti na soksi za shemeji yako juu ya zako. Ni kweli kaka. Tunakaa ghorofa ya juu kabisa, mabati yako hapo hapo juu ya dari, na mabati hayana huruma, jua likiwaka yanatuoka na baridi ikija yanatugandisha. Kifua cha Mama hakipendi joto lile, magoti yake hayapendi baridi hiyo. Basi ukaamua kama mkubwa wetu, ukamkabidhi Mama nauli nono mkononi mwake, ya kiti kizuri na mizigo yote, ukasema mwisho wa mwezi ahame. Mimi nikaitikia kwa mdomo, moyo ukakataa. Nikitoka kazini, miguu inawaka kwa kusimama kutwa kwenye pasi za dobi, mtu wa kwanza ninayemtafuta ni Mama. Akiondoka nitampigia nani umbea?

Ulitaja na sababu ya pili, kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Unamjua mama mkwe wangu, Matroni, aliyelinda mabweni ya wasichana mpaka akastaafu na bado anatembea kama anatafuta mtu aliyeficha simu chini ya godoro. Ile siku alipochukua ufagio akafagia upya mahali Mama alipokwisha fagia, ndiyo ikawa mwisho wa mazungumzo. Tangu hapo wananitumia mimi. Wamekaa wote wawili mbele yangu, Matroni ananiambia nimwambie mwenzake chai iko mezani, na Mama ananiambia nimjibu huyo kwamba macho anayo. Nikiwa kazini, sijui walikuwa wanaambizana nini. Nadhani walikuwa wanakaa na njaa.

Sasa sikiliza kilichotokea. Shemeji yako alikwenda mjini kununua balbu, akarudi na kiyoyozi. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa anatoka kushusha mikate, akapita dukani na lile gari la bekari, akaona kibandiko chekundu cha punguzo, na wewe unamjua mbele ya punguzo hana miguu. Akatoa akiba yake yote na yangu kidogo, wakampakilia sanduku kubwa katikati ya kreti za mikate. Ni kile kiyoyozi cha ukutani, kisichohitaji njia za hewa darini. Kinapoza wakati wa joto, na wakati wa baridi kinapasha moto. Alilipandisha sanduku ngazi zote anahema na kucheka, akalitua sebuleni, akamtangazia Mama kwamba sasa haendi popote. Na balbu aliisahau, tukala gizani.

Kumbe tulikuwa tumenunua nusu ya kitu. Sisi tulidhani kiyoyozi ni kama redio, unachomeka ukutani kinaimba. Shemeji yako alileta bisibisi na nyundo, akafungua sanduku, akakuta mashine mbili, moja ya ndani na moja ya nje, na kipande cha bomba la shaba. Akafunga sanduku taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu.

Ikabidi aitwe fundi. Akaja mama mmoja mwembamba, penseli imechomekwa kwenye kilemba, nasi tukambatiza Fundi Penseli. Alipima kuta, akagonga gonga, akatoka kwenye roshani, akarudi, akaomba maji ya kunywa. Kisha akatueleza kwa upole, kama daktari. Mashine ya nje inataka vyuma vya kuishika visivyoshika kutu. Umeme wake unataka waya wake peke yake na swichi yake. Ukuta utobolewe, maji yanayodondoka yapate bomba la kutokea, na shaba inalipiwa kwa urefu. Kwenye chumba cha Mama au cha Matroni, ambako nje hakuna roshani, ingebidi jukwaa lisimamishwe kuanzia chini barabarani, na bei ya jukwaa hilo kaka, niache nisiitaje, nina kalamu moja tu. Pa bei nafuu ni sebuleni, ukuta unaopakana na roshani. Na hiyo nafuu yenyewe ilikaribia bei ya mashine.

Lo! Shemeji yako alikaa chini. Akauliza kwa sauti ndogo kama haiwezekani kufunga ya ndani sasa, ya nje tukaifunga mwakani. Fundi Penseli alicheka mpaka akashika mlango, akasema hiyo ni sawa na kumwomba kinyozi akunyoe upande mmoja. Akaandika bei juu ya sanduku kwa penseli yake, akaweka na namba yake ya simu, akaaga.

Sanduku likageuka meza. Matroni alilitandikia kitambaa cha kufuma na kuweka maua ya plastiki. Tulilinywea chai, tulilikunjia nguo, na jirani wa chini alipopanda kuomba chumvi akalisifia, akauliza tumeinunua wapi meza imara hivyo. Kila tukisogeza kitambaa ile bei inatukodolea macho. Mama akawa anaweka sahani yake juu ya ile bei makusudi ili tusiione, na mimi nilimwona akifanya hivyo, roho ikaniuma. Siku zilikuwa zinakwisha na nguo zake alishaanza kuzikunja.

Juma lililopita natoka kazini, nasikia mashine ya kutoboa inanguruma tangu ngazi za chini. Nikasema hao ni majirani. Napanda, sauti inazidi. Nafika juu, mlango wetu wazi, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, Fundi Penseli amepanda ngazi na ukuta una tundu linaloonyesha mbingu. Na katikati ya sebule, kaka yangu, Mama ameshika ncha mbili za shuka na Matroni ameshika ncha mbili nyingine, wanalitandaza juu ya makochi yasipate vumbi. Nilisimama pale mkoba umenidondoka. Waliponiona, Matroni akaniambia nimwambie mwenzake avute upande wake. Lakini Mama alikuwa ameshavuta kabla sijafungua mdomo.

Nilijua shemeji yako ndiye aliyelipa. Nikajiambia amekopa mshahara bekari, mwanaume huyu, na mimi nilimwita mpumbavu kwa ajili ya sanduku. Yeye aliporudi na kukuta kiyoyozi kinapumua ukutani, akanitazama kwa macho ya ule mwaka tuliooana, akaniambia kwamba hakujua ana mke wa namna hii. Nikadhani ananisifia uvumilivu. Nikampikia vizuri, naye akaninunulia viatu. Tulipendana hivyo siku kadhaa, kila mmoja anamshukuru mwenzake kwa pesa ambazo hakuzitoa, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Raha ilikuwa nyingi mno, ungeiharibu kwa nini?

Na sebule kaka, ungeiona! Siku ya kwanza kila mtu aliingia chumbani kwake kwa heshima. Kabla hatujalala Matroni akatoka anaburuta godoro, akasema mashine mpya haiachwi peke yake, wezi ni wengi. Punde Mama naye na godoro lake, akasema anakuja tu kuangalia kama haidondoshi maji. Sisi wawili tukavumilia joto la chumbani kwa ajili ya murua, mwisho murua ukatushinda, nasi tukaburuta letu. Tangu hapo tunalala wote sebuleni. Ndiyo maana nakwambia mapema, usianze kuniuliza habari za kupata mtoto mwaka huu.

Matroni amejifanya mlinzi wa baridi. Ukiacha mlango wazi kidogo anapiga kelele ile ya bwenini, na shemeji yako mtu mzima anarudi mbio kuufunga. Rimoti anaiweka kifuani, mahali ambapo hakuna wa kumnyang'anya. Yeye anataka baridi ya buchani na Mama anataka uvuguvugu, basi Matroni amelala chini ya mashine na Mama kule ukuta wa mkabala. Mama hakohoi tena. Jana alipanda ngazi na ndoo ya nguo mkononi, nilipomkimbilia kumpokea akanifukuza.

Sasa vuta pumzi, hapa ndipo penyewe.

Juzi nilishusha begi la Mama kutoka juu ya kabati nimsaidie kupanga. Nililia nikilipangusa vumbi, sikufichi. Mama akanitazama, akaniambia niliache begi, nikae. Akasema hana nauli. Nikashtuka, nikauliza imeibwa? Akasema imo ukutani sebuleni, inapuliza.

Kaka, ni Mama ndiye aliyempigia Fundi Penseli, kwa ile namba ya juu ya sanduku. Sisi tukiwa kazini alifumua mto wake wa kulalia, akatoa nauli yako yote akaiweka juu ya kitambaa cha kufuma. Fundi akahesabu, akahesabu tena, akasema mama, zimepungua. Mama alizikusanya azirudishe ndani ya mto. Matroni alikuwa hapo hapo anajifanya anafuta vumbi kwenye maua ya plastiki. Na Mama, ambaye tangu siku ya ufagio hakuwahi kumtazama usoni, akageuka akamwambia, Mwenzangu, zimepungua kidogo.

Matroni akauliza pesa hizo ni za nini. Mama akamwambia ni nauli ya Jumamosi. Mwenzake akaenda chumbani. Mama alidhani amekwenda kufurahi peke yake. Matroni akarudi na ile bahasha unayoijua, tuliyokuwa tunaitania, pesa anazodunduliza ili aweke meno ya mbele asiendelee kucheka kwa kuziba mdomo. Akaiweka juu ya meza. Mama alipokataa, Matroni akamwambia meno yatasubiri, kwani ukishaondoka, nitakuwa na meno niongee na nani?

Nilimwuliza Mama kwa nini hawakutuambia. Akasema walitaka kuona ni lini sisi wawili tutagundua kwamba hakuna aliyelipa, na kwamba wamecheka sana jikoni. Walicheka pamoja, kaka! Matroni hakuziba mdomo, Mama anasema. Nilimkimbilia shemeji yako kumpa habari, akadai nimrudishie viatu.

Basi ndiyo hivyo. Jumamosi usiende kituoni. Mama ana hofu na wewe, ndiyo maana mimi ndiye ninayeandika, na amekaa hapa ananisimamia asije Kasuku akatia chumvi. Kama kuna wa kugombezwa, anza na mimi nimezoea. Nauli yako tutairudisha, ila meno ya Matroni kwanza, tumeshakubaliana. Na tafadhali usitume nauli nyingine, kwa sababu hawa wawili wamekwisha kumwita Fundi Penseli aje apime chumba cha pili.

Njoo wewe. Njoo na wifi, mje na godoro lenu. Nafasi yenu tumeiacha karibu na mlango wa roshani, na Matroni amekubali kwa shida kwamba mgeni aruhusiwe kushika rimoti mara moja.

Msalimie sana wifi na wote wanaotuuliza. Matroni anakusalimia, anasema ukija ufunge mlango. Mama nilimwuliza niandike nini cha mwisho kwa niaba yake. Alifikiri akitazama ukutani, miguu ameifunika kwa shuka la mwenzake, akasema nikwambie hivi: nauli yako, mwanangu, imenifikisha.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kasuku