Baba Aliyegombaniwa na Chuo Kizima

Umetimia mwaka sasa, Baba, tangu ulipotutoka, na kiti chako cha sebuleni hakuna anayethubutu kukikalia isipokuwa binti yako. Naye hukikalia wageni wakija tu, hasa wageni wenyewe wakiwa wanafunzi wako.

Unamjua kitinda mimba wako. Tulimpa yeye kazi ya kuandika kumbukumbu hii, kisha tukamnyang'anya kalamu, maana kila mstari ulikuwa "baba yangu, baba yangu", kana kwamba kaka zake waliokotwa sokoni. Tunaandika sisi kaka zake, naye amesimama nyuma yetu amekunja uso, anasoma kila neno.

Tunakukumbuka kwa upole wako, na kwa ukaidi wako pia. Ulikuwa mshauri wa wanafunzi katika chuo cha jamii, kwenye kile chumba kilichobanwa kati ya karakana ya magari na stoo ya mafagio, dirisha halifungiki vizuri. Walikuja kwako waliofeli wakarudia, akina mama waliokatisha masomo, vijana waliotamani chuo kikuu wasijue waanzie wapi. Uliwaelekeza namna ya kuomba nafasi, ukawafundisha usaili. Mtu akiingia ameinamisha kichwa, ulimwambia, "Toka, bisha hodi, ingia tena kama mtu anayetarajiwa." Kuna aliyetoka na kuingia mpaka fundi wa karakanani akadhani mlango umeharibika, akaja na bisibisi yake.

Nyumbani ulifika umechoka hoi. Binti yako alikusubiri na habari zake za shule, nawe ukamsikiliza jicho moja limeshalala. Hapo ndipo wivu ulipomwingia, na hadi leo haujatoka.

Siku moja, akiwa bado sekondari, alikufuata chuoni akapanga foleni kwenye benchi pamoja na wanafunzi wako. Zamu yake ilipofika, hukucheka wala hukushtuka.

"Karibu. Jieleze, wewe ni nani?"

"Baba, si ni mimi!"

"Hapa sina mtoto. Toka, uingie tena."

Akatoka, hakurudi. Alikununia mpaka ukamnunulia viatu vipya, na hivyo viatu alivivaa huku amenuna.

Siku ya maziko ndiyo iliyommaliza kabisa. Wanafunzi wako walijaa uani hadi barabarani, wanalia "Baba! Baba!" kwa sauti kuliko sisi wenye msiba. Binti yako akamgeukia mama yake. "Hawa wanamlilia baba wa nani?"

Mama akamwambia anyamaze.

Juzi amekuja muuguzi mmoja, mwanafunzi wako wa zamani, ametumwa na wenzake. Wanaomba watajwe hapa kama watoto wako. Binti yako akawaka.

"Mlimmalizia muda wake wote, sisi tukabakiziwa makombo. Sasa mnataka na utoto?"

Muuguzi naye hakuja kuonewa. "Dada, hebu tuache tupumue na sisi. Unajua tulivyokuchukia? Mtu unajibu vizuri, unasubiri usifiwe, Baba anasema, 'Safi, lakini binti yangu angeeleza kwa ufupi zaidi.' Binti yangu hivi, binti yangu vile! Mimi nilipopata kazi nilimkimbilia yeye kabla hata ya mama yangu mzazi. Akafurahi mpaka machozi yakamtoka. Halafu akaniambia, 'Siku binti yangu akipata kazi, sijui nitafanyaje.' Ilikuwa siku yangu, dada! Hata siku yangu alikutaja wewe."

Binti yako akauliza, taratibu, "Alisema hivyo?"

"Tena sana. Tulikuchoka kabla hata hatujakuona."

Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na muuguzi naye akaanza kulia. Walilia kila mmoja akijitahidi asizidiwe na mwenzake. Mama aliwaacha walie, akaenda kuchemsha chai.

Unakumbukwa na mkeo. Unakumbukwa na binti yako, ambaye ametaka atajwe kabla ya kaka zake, nasi kwa usalama wetu tumekubali. Unakumbukwa na wanao wa kiume, wakwe zako, wajukuu zako, na dada yako. Unakumbukwa pia na wanafunzi wako waliokuita Baba. Binti yako ameruhusu waitwe watoto, kwa sharti kwamba watajwe mwisho.

Amepata kazi, Baba. Aliitwa kwenye usaili wewe ukiwa umeshaondoka, akabisha hodi, akaingia mara moja tu. Alirudi nyumbani na habari hiyo akasimama mlangoni, akatutazama mmoja mmoja, asijue amwambie nani kwanza.

Hatutakusahau kamwe. Yeye anasema tuandike kwamba yeye zaidi.