Kabali Isiyoacha Alama

Kaka,

Huku paa limezibwa, na paka amezaa kwenye kapu la nguo.

Shemeji yako anakusifu usiku na mchana. Akitoka ukumbini kwako anakariri somo lako la judo: nguvu ni za punda, mtu ni ufundi. Mama naye anasema mazoezi yamemtuliza mkwewe kama ulivyoahidi, maana siku hizi haoni jicho langu limevimba.

Lile jicho lilikuwa kazi ya nguvu, kaka. Majirani walinisikia, wakaja kugonga mlango. Hii kabali uliyomfundisha haiachi alama, na aliyepigwa kabali hapigi kelele.

“Kaka yako ni fundi,” huniambia akishaniachia.

Na mbinu ya kujinasua, ulimfundisha nani?

Mimi, dadako.