Sindano Alizoleta Kaka Madi

Ampisikina, Mahajanga
Agosti 2018

Kwa kaka yangu mpenzi Madi,

Salamu nyingi zikufikie huko Dzamandzar, nyumbani kwa mjomba Houmadi. Natumaini u mzima na uchovu wa ndege umekutoka. Nimesikia umekuja likizo ukapitiliza huko bila kupita kwetu. Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii nampa jirani yetu Rabiata, anayevuka kesho kwenda Andoany, hapo hapo kisiwani ulipo. Nimemwambia akuwekee mkononi mwako, asimpe mtu mwingine.

Sisi huku tunamshukuru Mungu, ila mama alianguka wiki iliyopita. Alikuwa anainuka kutoka kwenye sijida, nyonga ikavunjika, akabaki juu ya msala ananitazama. Daktari kaona picha, anasema mifupa yake imeliwa zaidi kuliko mwaka jana, na huenda asisimame tena.

Nilishangaa, kaka. Si ulisema dawa yako inaijenga? Mwaka jana ulikaa sebuleni kwetu ukatueleza kwamba maabara yenu imetengeneza chembe ndogo mno, maelfu yake hayajazi ncha ya sindano, zinazoingia ndani ya mfupa na kuuamsha ujijenge upya. Mama akacheka, akasema basi maulidi yajayo atacheza mpaka wamtoe. Ukaniomba niwaite majirani wasome fatiha kwanza, ndipo ufungue boksi. Nami nikaona heshima iliyoje! Nikapika, nikachoma ubani. Sasa naelewa. Kwetu jambo likishasomewa fatiha, nani tena ataliuliza maswali? Ulijua mimi muuguzi ningeuliza.

Ukarudi kazini kwako ukaniachia boksi. Kila Ijumaa nilimchoma mama mimi mwenyewe, na vidonge vya hospitali nikaviacha, kama ulivyoagiza.

Juzi daktari aliponiuliza jina la dawa, sikuwa na la kumwambia. Nikampigia Hayrat, mwenzako wa maabara. Akasema dawa ile bado inajaribiwa kwa panya na kondoo, na hajui binadamu yeyote aliyewahi kuchomwa. Nilikaa chini pale pale kwenye korido ya hospitali nikalia kwa sauti, watu wakidhani nimefiwa. Mama yetu, Madi, ukampa zamu baada ya kondoo!

Nikaenda kitandani kwake nimweleze taratibu ulichotufanyia. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji. Akanishika mkono, akasema anajua. Siku ile, kabla ya fatiha, ulimfuata chumbani ukamweleza yote, ukamwomba radhi, naye akakupa, akaahidi hataniambia. Akasema aliona heri ajaribiwe yeye kuliko mama wa mtu mwingine, na kwamba mimi ningekataa. Ndiyo, ningekataa.

Kwa hiyo wewe ulijua na mama alijua. Asiyejua alikuwa mshika sindano.

Nisalimie mjomba na wote wa hapo nyumbani. Mama anakusalimu sana, anasema hana kinyongo nawe na radhi zake ziko pale pale. Hizo ni zake, kakupa. Zangu hukuziomba, Madi, na mkono uliomchoma mama ni huu ninaokuandikia.

Dada yako,
Zaïtoun