Ukuta Uliotukataza Kuugusa

Baba yangu,

Kabla hujaambiwa na mwingine, niseme mwenyewe: ukuta wako wa kati nimeuvunja. Ule wa baina ya chumba chenu na sebule, uliotukataza hata kuupigilia msumari. Kasirika utakavyo huko uliko, Mola akurehemu, lakini nisikilize hadi mwisho.

Nakumbuka ulivyoujenga. Nilikuwa nakushikia uzi, nawe unanigombeza kwa kuwa naangalia ng'ombe wa Waorma wakipita badala ya kuangalia timazi. Juu ya ukuta ukamwaga dari la zege, ili mto ukifurika tupandishe magodoro na unga. Watu wa Garsen walikucheka. Maji yalipokuja, wakaja kukuomba nafasi. Ulipomaliza mlango wake, uliupiga ukuta kofi, ukasema kwa lugha yenu ya Kipini, "Hapo yuu nimetia boriti. Mtu asiuguse."

Tukakutii, hata ulipofariki. Kisha mama akaanguka, akavunjika nyonga, akawa mtu wa kiti cha magurudumu, na mlango wako, baba, ni mwembamba kuliko kiti. Mvua za juzi maji yalipoingia sebuleni, wanaume watatu walimbeba juu juu kumtoa. Kiwiko kilichubuka, lakini si hicho kilichomliza. "Ushungi ulinianguka," aliniambia, "na mikono wameishika wao." Siku ya tatu nikamwita fundi Komora.

Athmani, mdogo wangu, alipiga simu kutoka Malindi akipinga. "Neno la baba halivunjwi. Mlete mama kwangu." Nikamjibu mama ana kwake, na kifungua mimba ni mimi.

Komora alipopima nilimwambia asihofu, juu ya mlango kuna boriti, baba aliitia mwenyewe. Komora, Mpokomo wa watu, akafurahi. Kwake boriti ni ya chuma, tena ndefu, basi kazi ilikuwa kukata ukuta kando tu. Alikuwa ameshainua nyundo mama alipouliza kutoka kitini, "Boriti gani? Kwao Kipini boriti ni mti wa mkoko."

Tukabandua plasta. Kulikuwa na miti miwili ya mkoko, ncha zake zimeliwa na mchwa zikawa unga. Komora aliweka nyundo chini, akakaa, akaomba maji.

Neno lako moja lilitaka kutuangushia dari, baba, na mama akiwa chini yake. Nilikukasirikia siku nzima, kuliko nilivyowahi kukukasirikia ulipokuwa hai. Halafu nikafikiri: ulitia ulichokiamini. Kwenu mti ule hushika nyumba ya babu mpaka ya mjukuu. Mchwa wa Garsen hukuwauliza.

Athmani alisema basi paachwe vivyo hivyo. Nikamwambia sasa ndiyo hapaachiki. Tulilishikiza dari kwa nguzo pande zote mbili za ukuta. Komora akabomoa kidogo kidogo, akamwaga vitako vya zege vya kukalia bimu huku na huku, na vilipokomaa watu sita wakainua bimu ya chuma wakailaza juu yake, imeingia ukutani kila upande. Pengo lililobaki juu akalishindilia mota ya saruji. Tukasubiri ishike vizuri. Kila asubuhi mama aliuliza, "Bado tu haijakauka?" Siku ya kuondoa nguzo nilikwenda kusimama chini ya dari mimi mwenyewe, maana nisingemwambia mama apite mahali ninapopaogopa. Dari halikutoa hata mlio.

Leo baada ya alasiri mama amepita. Nilishika kiti kwa nyuma, akanipiga mkono. "Niache." Akajisukuma hadi katikati ya mlango, akanyoosha mikono yote miwili, na hakugusa ukuta upande wowote. Akalia kidogo, mimi nikalia zaidi. Kisha akaendelea mpaka barazani, akamwita jirani aje wanywe kahawa.

Nakupenda, baba, na nyumba yako naipenda. Ila uliijenga kwa mtu anayetembea. Mto ukifurika tena, mama atatoka mlangoni kwa mikono yake mwenyewe, wala hatabebwa na mtu.

Pumzika. Dua zetu haziishi.

Mimi bintiyo,
kifungua mimba wako