Moja Saba Mfululizo

Jumatatu, 4 Machi 1974. Malaba
Mabehewa kumi na saba kabla ya chai. Katikati yake nimegawa 1,111,111 kwa 61, 67 na 71. Zote zinabakiza. Kufikia Ijumaa lazima nijue kama ni namba tasa, isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe. Ndilo swali la Bwana Wandera, mwalimu mkuu wa shule ya harambee kule Bukhayo. Anatafuta mwalimu wa hesabu. Nikijibu sawa, naaga stesheni. Miaka sita ya kuandika namba za mabehewa inatosha.

Jumatano, 6 Machi
Mvua. Nimefika 397. Kila jibu nalipima kwa kutupa tisa, kama tunavyopima orodha hapa: jumlisha tarakimu, ondoa tisa, kinachobaki kilingane pande zote mbili, kwenye namba ya asili na kwenye hesabu yangu. Kinalingana. Mke wangu Nekesa anauliza namba hii inaliwa na mboga gani.

Ijumaa, 8 Machi
1,051. Tasa ya mwisho ya kujaribu. Kupita hapo hakuna haja, maana 1,055 mara 1,055 inazidi namba yenyewe. Ni tasa. Baiskeli hadi Bukhayo. Bwana Wandera amepekua daftari, akakiri hata yeye hana jibu. Swali linamsumbua tangu chuo. Amenipa kazi, naanza tarehe 18. Nimefurahi mpaka naona aibu.

Jumanne, 12 Machi
Behewa la chumvi limevuka mpaka kwenda Tororo kimakosa. Niliandika 4271 badala ya 4217. Nilikuwa nimepima kwa tisa, namba niliyoandika na ile ya behewa, zikakubali. Bila shaka zingekubali: tarakimu zikibadilishana nafasi, jumla ni ile ile. Stesheni masta amenifokea. Sikumsikia. Nilikuwa nawaza daftari langu.

Alhamisi, 14 Machi
Nimelipata kosa, kwenye 239. 1551 kutoa 1434 ni 117. Niliandika 171. Nikirekebisha, hakibaki kitu: 239 mara 4,649. Si tasa.
Hakuna ajuaye. Mwalimu mkuu hatagundua. Najichukia, na hiyo namba naichukia zaidi. Nekesa amesikiliza yote, akasema, "Baba Nafula, enda umwambie. Utafundisha aje na hiyo kitu kwa roho?"

Jumamosi, 16 Machi
Nimekwenda. Bwana Wandera amezidisha mwenyewe kwa chaki, mara mbili. Ameniuliza mbona sikunyamaza. Nimemfungulia daftari kwenye ile 171.
"Jumatatu kuja," akasema. "Lakini utaanza na hii 171 yako. Mimi nitakaa nyuma."
Ningependa adhabu nyingine.

Jumatatu, 18 Machi. Bukhayo
Nimeandika ugawanyo wote ubaoni, na kosa ndani yake. Darasa zima limepima kwa tisa, nilivyowaonyesha. Sawa, wamesema. Nikawaambia warudie kutoa, mstari kwa mstari. Msichana wa dawati la mbele akainua mkono.
"Mwalimu, hapa kuna mtu amekosea."
Nikamwambia mtu huyo ni mimi. Nikafuta 171, tukashuka pamoja hadi sifuri. Bwana Wandera alikuwa anaandika kwenye daftari lake.
Mchana viazi vitamu na chai. Leo sijaandika namba ya behewa hata moja.